Mfalme Aliyepandishwa Farasi

"Usimpandishe farasi aliyekwenda kwa miguu." Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia jana msibani, shangazi yenu Nambike aliponiinamia na kuninong'oneza, wakati yule bwana mwenye kipaza sauti akimsifu marehemu mpaka watoto wa marehemu wakaanza kutazamana. Leo mmenijia mbio mkitaka kujua farasi ametoka wapi katika vijiji vyetu hivi, ambako hata punda ni wa kuazima. Mmeuliza vizuri. Nitawaambia neno hili lilikozaliwa. Ila mnanijua, wajukuu zangu, kwangu hadithi haipiti mlangoni bila kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Tangu apande farasi, hajafika aendako."

"Mlevi!" akasema Kadeghe.

"Mlevi hufika, mjukuu wangu. Ila hufika nyumba isiyo yake. Haya, mwingine?"

Wengine wakatikisa vichwa.

"Basi nipeni mji."

"Tumekupa Arusha, bibi."

"Arusha nimekwenda, nimekunywa maziwa, baridi imenirudisha. Jibu lake ni sanamu. Sasa kaeni vizuri, maana ni sanamu hiyo hiyo iliyotuzalia neno letu."

Palikuwa na nchi ya milimani iliyoitwa Tengwe. Msiitafute kwenye ramani ya shule, hamtaiona. Mfalme wake aliitwa Lukindo. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi kidogo, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimetawanyika kama tangawizi, kwa sababu maisha yake yote alitembea. Hakubebwa kwenye kiti wala hakupanda mnyama. Palipozuka ugomvi, hakuita watu waje kwake. Alichukua fimbo yake akaenda, mlima upande, mlima ushuke, akifika kwa watu kesho yake, ana vumbi mpaka kwenye nyusi.

Na ilimpasa atembee, kwa sababu ya desturi ya Tengwe. Watu wa kule hawakuweka jiwe kwenye mpaka wa shamba, wala hawakupanda mti. Walisema, "Jiwe huvingirika, mti hung'olewa, mguu wa mfalme hauongopi." Mtu akipewa shamba, mfalme alikwenda mwenyewe kulipima kwa hatua zake mbele ya majirani. Hatua hamsini, hatua mia, watu wakazishika kichwani. Wakigombana baadaye, mfalme alirudi akahesabu upya. Na mfalme akifa, aliyerithi kiti alirithi na kazi hiyo. Walisema mguu wa mtoto ni mguu wa baba. Sharti lilikuwa moja tu: apime vile vile alivyopima baba yake.

Sasa wafalme wa nchi za jirani, wale wa tambarare, walikuwa wameanza kununua farasi kwa wafanyabiashara wa pwani. Wafalme walipokutana kwa mashauri, wenzake walifika juu ya farasi, kanzu zao nyeupe pe. Lukindo alifika kwa miguu akipangusa jasho. Wakamcheka. Wakampa jina, "Mfalme wa Vumbi." Yeye mwenyewe alicheka pamoja nao, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Lakini alikuwa na mwana mmoja, Mhina, ambaye alifuatana naye kwenye mikutano hiyo tangu ana miaka kumi. Mhina hakucheka. Kila kicheko kilimchoma, naye akakiweka moyoni.

Lukindo akafa, nchi ikalia. Mhina akakaa kwenye kiti. Jambo la kwanza alilofanya, arobaini haijaisha vizuri, alimwita fundi wa mawe kutoka pwani, mtu aliyeitwa Makame, amchongee baba yake sanamu ya kusimama uwanjani mbele ya soko.

Fundi akauliza, "Mimi sikubahatika kumwona marehemu. Alikuwaje? Mrefu? Mfupi?"

"Mpandishe farasi," akasema Mhina.

"Alikuwa na farasi wa rangi gani?"

"Fundi, nimesema mpandishe farasi."

Makame akafungua mfuko wa patasi zake. Fundi hamwulizi mwenye msiba mara tatu.

Kazi ilichukua mwaka mzima. Siku ya kuifunua, watu walijaa uwanja. Walimwona farasi mkubwa wa jiwe, ameinua mguu mmoja wa mbele, na juu yake mfalme mrefu, kiuno chembamba, miguu yake ndani ya viatu vizuri, anatazama mbali kupita mapaa ya nyumba. Watu wakatazama. Wakatazama tena. Mzee mmoja akasafisha koo akasema, "Farasi amefanana sana."

Hakuna aliyesema zaidi. Mngesema nini ninyi? Pale mbele alisimama mwana anayemlilia baba yake, machozi yanamtiririka bila kificho. Kumwambia mtu kama huyo, "Huyu siye," ingekuwa kama kumpiga kofi makaburini. Hata mjane wa mfalme, Bibi Nakiete, mama yake Mhina, aliishika ile kwato ya jiwe, akaipapasa, akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki kwa kumkumbuka baba yako." Akarudi nyumbani kwake.

Ukimya ule ulikuwa wa huruma. Lakini huruma nayo, wajukuu zangu, ina siku inapodai malipo yake.

Miaka ishirini ikapita. Waimbaji wa sifa wakatunga nyimbo za Lukindo na farasi wake, wakampa farasi jina, wakampa na vita alivyopigana. Watoto wakazaliwa, wakacheza chini ya ile kwato, wakakua wakijua kwamba mfalme wao wa zamani alikuwa mpanda farasi. Wazee waliomjua wakapungua mmoja mmoja. Mhina naye akajinunulia farasi wa kweli, mweusi, na akimpita baba yake pale uwanjani alimwinamia kichwa, mpanda farasi kwa mpanda farasi.

Basi chini ya mlima mmoja kulikuwa na bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji. Kutoka bwawani mpaka mtoni palikuwa na mteremko mzuri, udongo mweusi. Miaka mingi nyuma Lukindo aliugawa mteremko ule. Maneno ya mgao kila mtu aliyajua: "Kutoka bwawani, hatua mia mbili za mfalme ni za Mbwambo. Kinachobaki mpaka mtoni ni cha Namkunda." Namkunda alikuwa mjane. Mumewe alifukiwa na udongo walipokuwa wakichimba mfereji wenyewe, akamwachia watoto wanne. Ndiyo maana mfalme akampa kile kipande cha mtoni. Alikilima peke yake, maharage na mahindi na migomba michache, na watoto wanne wakakua.

Yule Mbwambo akafa bila mtoto. Shamba likarithiwa na mpwa wake kutoka nchi nyingine, mtu wa makamo aliyeitwa Mgaya, mwenye wake wawili na watoto tisa. Mgaya hakuwa mtu mbaya. Msimfanye mtu mbaya kwa sababu hadithi inamhitaji. Alifika, akaangalia watoto wake tisa, akaangalia shamba, akauliza, "Mpaka wangu uko wapi?"

Wakamwambia, "Hatua mia mbili za mfalme."

Mgaya alikuwa amepita sokoni. Alikuwa amemwona mfalme. Akarudi kwa Namkunda akamkuta anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, jirani mpya."

"Mama, nimekuja kwa heshima. Hapa unapopalilia ni pangu."

Namkunda akadhani ni utani, akacheka. "Na mimi mwenyewe je, ni wako? Maana nimekuwa hapa muda mrefu kuliko hayo maharage."

"Sikutanii, mama. Hatua za mfalme zilikuwa za farasi. Hatua moja ya farasi inameza mbili za mtu, na zaidi. Nimepima kwa kukadiria. Mia mbili zinafika mtoni."

Jembe likamtoka Namkunda mkononi. "Farasi? Mwanangu, Lukindo alipima hapa kwa miguu yake! Mimi nilikuwapo! Alifika hatua ya tisini na kitu akaniuliza habari za mtoto wangu mgonjwa, tukazungumza weee, akapoteza hesabu, akarudi bwawani akaanza upya huku anajicheka."

Mgaya akainamisha kichwa. "Huenda, mama. Lakini mimi sikumkuta mfalme. Nimekuta sanamu."

Namkunda akatafuta mashahidi. Watu wanne waliokuwapo siku ile walikuwa wamekwisha kufa. Wa tano alikuwa haoni wala hasikii. Wazee wengine walijua hakupanda farasi, lakini nani angeikana sanamu ya mfalme mbele ya mwanawe? Akawaendea vijana wa kijiji, wakamhurumia kweli, lakini wakamwambia, "Bibi, labda umesahau. Mfalme wa farasi apime shamba kwa miguu, kwa nini?" Wakamwimbia na wimbo wenyewe.

Ikabaki njia moja: mfalme aje apime, kazi ambayo Mhina alikuwa hajaitwa bado, maana mashamba yote yalikuwa yamekwisha kugawanywa na baba yake. Wajumbe wakapelekwa. Na Mgaya, kwa adabu zote, akatuma neno lake: "Naomba Mfalme apime kama baba yake alivyopima. Sanamu ya uwanjani ndiyo shahidi wangu. Kama inasema uongo, basi Mfalme atuambie, nami nitanyamaza."

Mnaona Mhina alivyobanwa? Akipima kwa miguu, ametangaza mbele ya nchi nzima kwamba sanamu ya baba yake ni uongo, na kwamba aliyeutunga ni yeye. Wale wa tambarare wangecheka upya, wangecheka kuliko zamani. Akipima kwa farasi, mjane analala njaa. Usiku na mchana alizunguka chumbani. Mwishowe akajiambia, "Nitampa Namkunda shamba lingine mahali pengine, hatapungukiwa." Akaona amepata suluhisho. Watu wenye aibu hupata suluhisho upesi.

Siku ya kupima, asubuhi, mteremko ulijaa watu kama siku ya gulio. Mhina akaja juu ya farasi wake mweusi. Bibi Nakiete naye alikuja, taratibu, na fimbo, akakaa juu ya ukingo wa bwawa miguu imening'inia.

Mhina akamwelekeza farasi bwawani. Akainua mkono ahesabu hatua ya kwanza. Namkunda akatoka katikati ya watu, akaja akasimama mbele ya kifua cha farasi. Mwanamke mwembamba, mvi, kanga yake ya kazini. Farasi akampulizia usoni, naye hakusogea.

"Mpishe Mfalme, mama!" mjumbe akapaza sauti.

"Sijamzuia Mfalme. Nimemzuia farasi."

Watu wakaguna. Mhina akasema kwa upole, "Mama Namkunda, nimekwisha kukufikiria. Nitakupa shamba kule juu, kubwa zaidi ya hili."

"Mfalme wangu, Mungu akuzidishie. Lakini mume wangu amefukiwa kwenye mfereji huu, si ule wa kule juu. Na hili shamba sikuliomba. Baba yako alinijia nalo mwenyewe, akitembea, jasho linamtoka, pale pale ulipo wewe."

"Unasema nimemsingizia baba yangu?"

Watu wakasogea karibu wasikie.

Namkunda akainua uso, akasema, "Nasema usimpandishe farasi aliyekwenda kwa miguu. Akipanda yeye, tunakanyagwa sisi."

Mhina akakaza hatamu. Mjumbe akapiga hatua moja kumwendea Namkunda, na hapo ndipo Bibi Nakiete aliposema, bila kuinuka, kama mtu anayezungumza jikoni kwake:

"Mhina."

"Naam, mama."

"Unajua mimi nilikuwa nikifanya nini kila baba yako aliporudi safari?"

"Mama, si hapa."

"Hapa hapa. Nilimwosha miguu. Miaka thelathini na miwili. Maji ya vuguvugu na chumvi. Nilimtoa miiba, nilimpaka mafuta kwenye nyufa za visigino. Aliponioa nilikuwa binti wa watu, sikujua hata shamba moja la nchi hii, nikaijua nchi nzima kwa matope yaliyotoka kwenye miguu ile. Matope mekundu, nikajua alikuwa mlimani. Meusi," akaonyesha mteremko kwa fimbo, "nikajua alikuwa hapa. Mpanda farasi haoshwi matope, mwanangu."

"Walimcheka, mama," akasema Mhina. Na jinsi alivyosema, watu waliacha kumwona mfalme, wakamwona mtoto wa miaka kumi. "Walimwita Mfalme wa Vumbi. Mbele yangu. Nilitaka kumpangusa."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza siku ile ya sanamu. Niliona unavyompenda, nikasema jiwe halimdhuru mtu. Nilikosea, na kosa langu ni kubwa kuliko lako, kwa sababu mimi ni mkubwa, ningekukanya. Lile vumbi, Mhina, ndilo lililokuwa vazi lake la ufalme. Ukimpangusa vumbi baba yako, anabaki nani?"

Mhina akashika manyoya ya shingo ya farasi. Kisha akashuka. Akavua viatu. Vidole vyake, watu wakaona, vilikuwa laini, vimebanana kama vya mtoto. Akaenda bwawani, akasimama ukingoni kando ya mama yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Watu wa Tengwe. Baba yangu hakupanda farasi hata siku moja. Sanamu ile ni aibu yangu, si sura yake. Mguu wa mtoto ni mguu wa baba. Nahesabu."

Akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Watu wakahesabu naye. Kwenye hamsini alikanyaga mwiba, akasimama kwa mguu mmoja kama kuku wa mvua, watu hawakujua wacheke au wasicheke, mpaka mama yake akacheka, ndipo wote wakacheka. Akautoa mwiba akaendelea. Kwenye mia Mgaya mwenyewe alikuwa anahesabu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mia na hamsini. Mia na tisini. Mia mbili.

Mhina akasimama, akaangalia chini. Alikuwa amesimama ndani ya maharage ya Namkunda. Si sana, matuta matatu tu yalikuwa yamepitwa. Mnajua, Mhina alikuwa mrefu, na hatua zake zilikuwa ndefu kidogo kuliko za baba yake.

Akachanganyikiwa. "Mama Namkunda, nimezidisha. Nirudi?"

Namkunda akaja akayaangalia matuta yake matatu. Akamwangalia Mhina, vumbi mpaka magotini, damu kidogo kwenye kisigino. "Desturi haisemi urudi. Mguu wa mtoto ni mguu wa baba. Hayo matuta matatu yameliwa na mguu wako, nami nayatoa kwa moyo. Ya farasi ndiyo niliyokataa."

Mgaya akasogea, amevua kofia. "Mama, utavuna kwanza. Mimi nitapanda baada yako. Na unisamehe, niliamini nilichokiona."

"Sikulaumu, mwanangu. Hata mimi ningekuwa mgeni ningeamini. Lile farasi limechongwa vizuri."

Mkutano ukavunjika. Vijana wenye mbio walitangulia mjini kupeleka habari. Mhina hakupanda tena siku ile. Alimwambia mama yake apande yeye, mama akakataa, akasema uzee wake hautaki kuanza mambo mapya. Basi wakaenda wote wawili kwa miguu, farasi anafuata nyuma kwa kamba kama mbuzi, wakifika kwenye kivuli wanapumzika.

Walipoingia uwanjani jua lilikuwa limekwisha kuegemea magharibi. Chini ya sanamu alikaa mama mmoja wa sokoni na ndizi zake za mwisho, zile zilizokwisha kupondeka. Mteja alikuwa amesimama mbele yake anataka apewe nyongeza, basi anazisifu: ndizi tamu, ndizi nzuri, ndizi kama hizi hazijapata kuonekana Tengwe.

Yule mama akamkatiza. "Dada, ndizi zangu zimepondeka na mimi nazijua. Usimpandishe farasi aliyekwenda kwa miguu."

Mhina akasikia. Neno lilikuwa limefika kabla yake. Watu walishtuka walipomwona, mama wa ndizi akataka kuingia chini ya meza. Lakini Mhina alicheka, kicheko cha kweli, kile kile ambacho wazee walikikumbuka kwa baba yake akipangusa jasho kati ya wafalme. Akamwomba yule mama ndizi mbili, moja yake na moja ya mama yake, wakazila wamesimama pale pale.

Makame aliitwa tena aje amshushe mfalme, akasema haiwezekani, mtu na farasi ni jiwe moja, ukimkata mmoja wote wanavunjika. Wakamwacha. Ila tangu hapo mzazi aliyepita pale na mtoto, mtoto akauliza, "Yule nani?" mzazi hakumtaja Lukindo. Alisema, "Yule simjui. Mfalme wetu alikuwa mfupi, na alitembea." Kisha akamfundisha na neno lenyewe, lile aliloambiwa mfalme na mjane aliyesimama mbele ya farasi:

Usimpandishe farasi aliyekwenda kwa miguu.